Shajara ya kazi: meseji zilizofutwa kwenye tableti ya mweka hazina

Jumatatu

Imeingia tableti kuukuu ya inchi saba, Android 4.4, chipu ya Mediatek MT8382, hifadhi ya ndani GB 8. Mwenyewe ni mweka hazina wa chama cha kina mama hapa Mombasa, na laini ya chama imekaa humo miaka. Mjukuu aliichukua kucheza gemu, akaingia kwenye meseji, akafuta mazungumzo yote. Kabla ya kufika kwangu ilipitia kibanda kingine, wakaitia app ya "kurejesha SMS". Ikadai kulipiwa, isionyeshe kitu.

Swali langu la kwanza huwa ni meseji zipi hasa, kwa sababu anayesema "zote" mara nyingi anatafuta tatu. Za M-Pesa hazinikoseshi usingizi, Safaricom hutoa taarifa ya miamala na mama ameshaiomba. Lakini chama hakiendeshwi na M-Pesa peke yake. Wapo wanaoleta taslimu kisha wanaandika "nimemwachia kijana wako elfu moja", na wapo waliokopa wakaandika watarudisha lini. Sasa mmoja wao anasema alikubaliwa kulipa Desemba 2024, na mama anashikilia kwamba ilikuwa Juni. "Mwanangu, aliiandika mwenyewe, nikaisoma kwa macho yangu haya," akaniambia.

Nimetoa laini na kuizima tableti hapohapo, mbele yake. SMS zote za Android hukaa ndani ya faili moja la SQLite (hifadhidata ndogo ya majedwali) liitwalo mmssms.db, kwenye folda ya com.android.providers.telephony. Ukifuta meseji, SQLite ya zamani haipangusi maneno, inaandika tu kwamba nafasi ile ni huru. Ni kama kibanda cha sokoni kilichohamwa: jina limetoka kwenye orodha, lakini meza na kamba bado zipo mpaka apangishwe mwingine. Kila kinachoandikwa baadaye ndani ya tableti ni mpangaji mpya, iwe tangazo la bando, picha ya WhatsApp au ile app ya kurejesha. Ndiyo maana nazichukia app hizi. Unaiweka ndani ya hifadhi ileile unayotaka kuiokoa, halafu bila ruhusa ya ruti, yaani mamlaka kamili juu ya mfumo, haiwezi hata kulifungua lile faili.

Kuna adui mwingine asiyeonekana. Tangu Android 4.3, kifaa kikikaa kimya usiku kwenye chaji hufanya usafi wa fstrim, yaani huiambia hifadhi iachilie kabisa sehemu zote zilizo huru. Mama anasema betri ilikufa jioni ileile ya balaa, na pale kibandani ilichajiwa huku wakiichezea. Hapo ndipo nimepata tumaini.

Jumanne

Nimeanza na laini kwa kuwa ni kazi ya dakika chache. Kwenye SIM, kila SMS ina rekodi ya baiti 176, na baiti ya kwanza ni ya hali tu: 00 maana yake nafasi huru, 01 imesomwa, 03 haijasomwa. Simu nyingi za zamani zikifuta zilibadilisha baiti hiyo moja na kuyaacha maneno palepale. Nikaitia kwenye kisomaji cha kadi, zikatoka salamu za Idi na ombi la kukopeshwa sufuria kubwa, mambo ya enzi laini ilipokuwa kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Tunachotafuta hakimo, na sikukitarajia: Android huhifadhi meseji kwenye kifaa chenyewe, si kwenye laini.

Kijana anayejifunza kwangu akauliza kwa nini tusiende kampuni ya simu. Orodha ya mawasiliano ya kampuni hueleza nani alimwandikia nani na saa ngapi. Maneno yenyewe hayamo.

Kisha mimi na mama tukaandikiana makubaliano. Humo ndani mna meseji za watu wengine, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimsahau fundi kwa sababu ana bisibisi mkononi. Tumekubaliana mambo haya: natafuta namba za wanachama alizonipa tu, mengine siyasomi, na nakala nitakayoitoa nitaifuta kazi ikiisha. Ametia sahihi, nami nimetia.

Jumatano

Leo ni kusoma hifadhi nzima bila kuandika hata baiti moja. Wengi wangekimbilia kuiruti, lakini kuruti ni kuandika, na mara nyingi kunataka kuiwasha Android, ambayo ikiwaka tu huandika kumbukumbu zake chungu nzima. Chipu hizi za Mediatek za zamani zina mlango mzuri zaidi. Tableti ikiwa imezimwa, ukichomeka kebo ya USB, kwa sekunde chache hujitambulisha katika hali ya preloader, programu ndogo inayotangulia Android, na SP Flash Tool, programu ya kompyuta ya chipu hizi, inaweza kuisoma kuanzia hapo.

Unahitaji faili la scatter la modeli hiyohiyo, ambalo ni ramani ya vigawanyo vya hifadhi. Nililifungua kwa kihariri cha kawaida, nikatafuta USRDATA, kigawanyo cha data ya mtumiaji, nikanakili anwani ya mwanzo na ukubwa wake kwa heksa (hesabu ya msingi wa 16). Kwenye kichupo cha Read Back unaongeza mstari, unaubofya mara mbili, unaandika anwani na urefu, ndipo unachomeka kebo. Nimemkataza kijana kugusa kichupo cha Format na cha Download kazi ikiwa ya namna hii. Vimepangwa jirani na Read Back, na mkono ukiteleza umemaliza kesi ya mtu.

Tableti ikawa inaonekana na kupotea. Kwenye lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, ilitokea 0e8d:2000, ambayo ndiyo preloader yenyewe, kisha programu inagoma. Mkosaji alikuwa ModemManager wa Linux: akiona kifaa kinachofanana na modemu anakirukia na kuanza kukisemesha kabla ya wewe kufika. Nikamsimamisha kwa systemctl, mambo yakanyooka. Kasi ya USB 2.0 na chipu hii si ya kujivunia, kwa hiyo tuliiacha isome tukaenda kula.

Niliisoma mara ya pili na kulinganisha sha256, yaani alama za vidole, za mafaili mawili. Zimelingana. Tableti imerudi kwenye bahasha na haitawashwa tena mpaka mwisho.

Ijumaa

Taswira, yaani ile nakala ya hifadhi, niliipachika kwa `mount -o ro,loop,noload`. Hilo neno noload watu hulisahau: bila hilo, ext4, mfumo wa mafaili wa tableti hii, hulicheza upya jarida lake hata ukisema ni kusoma tu, na tayari umeibadilisha nakala yako.

Faili la mmssms.db lipo, na pembeni yake mmssms.db-journal. Nilinakili yote mawili. Ndani ya jedwali la sms kulikuwa na meseji chache za matangazo zilizoingia baada ya kufutwa, basi. Undark, programu ndogo ya kuchokonoa rekodi zilizofutwa kwenye SQLite, ilitoa vipande vichache, vingi vikiwa vimekatika vichwa.

Kukatika huko kuna sababu yake. Rekodi ikifutwa ndani ya ukurasa ambao bado una rekodi nyingine, SQLite huandika juu ya baiti nne za mwanzo: mbili za kuonyesha nafasi huru inayofuata iko wapi, mbili za ukubwa. Baiti hizo nne ndizo zilikuwa na urefu wa rekodi na namba yake ya mfululizo. Maneno yanabaki, na tarehe inabaki, ila programu inayosoma kwa utaratibu haijui tena rekodi inaanzia wapi.

Na kwa nini vichache hivi? Android hujenga SQLite yake ikiwa na auto_vacuum. Ukurasa ukibaki mtupu, mwisho wa shughuli faili linafupishwa na ukurasa ule unarudishwa kwa mfumo wa mafaili. Meseji zilizokuwa zimejaza kurasa nzima hazimo tena ndani ya mmssms.db, zimetawanyika kwenye sehemu huru za ext4. Na ext4 ikiachilia sehemu za faili haikuachii alama ya kurudia, kwa hiyo njia ya kufufua kwa jina la faili imefungwa. PhotoRec, programu ya kufufua mafaili, nayo hutafuta maandishi "SQLite format 3" mwanzoni mwa faili, na kurasa zilizotawanyika hazina kichwa hicho.

Basi ni kuzisaka moja moja. Hapa kuna bahati ya maumbile: ukurasa wa hifadhidata ni baiti 4096, na kipande cha ext4 ni 4096 pia, kwa hiyo kurasa zimekaa sawasawa kwenye mipaka. Ukurasa wenye rekodi za jedwali huanza na baiti 0D. Niliandika skripti ya Python inayopita kila kipande huru na kuuliza mambo mawili. Je, kinaanza na 0D? Je, ndani yake mna tarehe inayoaminika? Android huandika tarehe ya meseji kwa milisekunde tangu 1970, na SQLite huiweka kwa baiti sita, kubwa ikitangulia. Kwa mwaka 2024 wote, baiti mbili za kwanza huanzia 01 8C na kuishia 01 94. Ukiona +2547 na namba ya simu, halafu mbele kidogo 01 90, hapo umefika.

Zimepatikana kurasa, nzuri tu. Mapengo nayo yapo, na baadhi ya vipande ambavyo kwa hesabu yangu vingekuwa na kurasa vimejaa picha za matangazo za ile app ya kurejesha.

Jumamosi

Leo ndiyo siku ya kazi hii. Nimelifungua lile faili la -journal.

Kabla SQLite haijabadilisha ukurasa, huunakili kwanza ulivyo kwenye journal, ili umeme ukikatika irudi nyuma salama. Kwa hiyo mtoto alipobonyeza kufuta yote, tableti yenyewe ilitoa nakala ya kurasa zilezile ilizokuwa karibu kuzifuta. Katika matoleo haya ya Android, journal ikimaliza kazi haifutwi. Hupigwa sifuri kichwani tu, na mwili unabaki. Lina kikomo cha KB 512, likizidi linakatwa.

Shughuli zilizofuata, kila tangazo la bando lililoingia, zimeandika juu ya mwanzo wa faili. Lakini ni shughuli ndogo, zinagusa kurasa chache. Mkia wa ule ufutaji mkubwa haujaguswa.

Muundo wake ni rahisi ukiujua: kichwa cha baiti 512, kisha kila ukurasa una baiti nne za namba yake, 4096 za ukurasa wenyewe, na nne za hesabu ya uhakiki. Kwa hiyo unatembea hatua za 4104 kuanzia 512. Skripti ya jana isingeziona, kwa sababu humu kurasa hazikai kwenye mpaka wa 4096, na pia ilikuwa inapita vipande huru tu, wakati journal ni faili hai. Nilibadilisha mistari michache. KB 512 ni kama kurasa 127, na ukurasa mmoja hubeba meseji kumi na kitu za urefu wa kawaida. Kurasa nyingine ni za faharasa na majedwali mengine, hata hivyo kilichobaki ni kingi.

Kisha nikaitumia hatua hiyohiyo ya 4104 kwenye vipande huru vya ext4, kutafuta sehemu ya journal iliyokatwa baada ya kupita kikomo. Imetoa nyongeza kidogo.

Meseji moja inaweza kutokea mara mbili au tatu, kwenye ukurasa wa zamani na kwenye journal. Nimeziunganisha kwa namba, tarehe na maneno; zikilingana kwa yote matatu ni moja. Safu ya type imehifadhika karibu kote: 1 ni iliyoingia, 2 ni iliyotumwa. Bila safu hiyo usingejua nani anamwahidi nani.

Jumatatu, wiki ya pili

Kuna kitu kilinisumbua tangu Ijumaa. Mazungumzo ya wanachama yanarudi nyuma mwaka na zaidi, lakini meseji za M-Pesa zinafika wiki chache tu nyuma na kukatika ghafla, kana kwamba umechora mstari. Ufutaji wa mara moja hauchagui hivyo.

Jibu lilikuwa kwenye mipangilio ya app ya meseji, com.android.mms_preferences.xml: pref_key_auto_delete imewekwa true, na MaxSmsMessagesPerThread ni 200. Tableti ilikuwa inafuta meseji za zamani yenyewe kila mazungumzo yalipofika 200. Laini ya chama inapokea M-Pesa mfululizo, kwa hiyo uzi ule ulikuwa unakatwa mkia kila siku, na nafasi zilizoachwa zimeshaandikwa upya zamani. Mazungumzo ya mwanachama mmoja mmoja hayakufika 200, yakabaki kamili mpaka siku ya mjukuu. Mama aliposikia akasema, "Kumbe nusu ya ile kelele nilimpigia bure." Taarifa ya Safaricom inaziba pengo la M-Pesa, na hiyo ameshaipata.

Taarifa hiyo imenipa pia kipimo. Msimbo wa muamala wa M-Pesa una herufi na tarakimu kumi, na tatu za mwanzo hubeba tarehe: S ya kwanza ni 2024, G ni mwezi wa saba, R ni tarehe 27. Nilichukua kila meseji ya M-Pesa iliyofufuka, nikalinganisha SGR na wenzake na tarehe niliyosoma kwenye zile baiti sita, kisha na mstari wa taarifa. Zimekaa pamoja. Palipotofautiana siku moja ni meseji za usiku wa manane, kwa sababu milisekunde zimehesabiwa kwa UTC na sisi tuko saa tatu mbele. Nimerekebisha, na kwenye orodha ya mama nimeandika saa tunavyosema wenyewe: saa mbili usiku, saa tano asubuhi.

Ile ya mkopo imepatikana. Imetoka kwenye mkia wa journal, nzima, ya Machi 2024: "nitamaliza mwezi wa sita inshaallah ikizidi sana wa saba". Kwenye ukurasa huohuo, mistari michache baadaye, ipo nyingine ya mtu huyohuyo ya mwisho wa Mei, anaomba isogezwe mpaka Desemba, mtoto kalazwa. Na chini yake rekodi yenye type 2, yaani jibu la mama mwenyewe: "pole sana tutaongea kwenye kikao".

Nilimpigia nikamwambia aje asome mwenyewe.

Alhamisi

Alikuja na katibu wa chama. Alisoma zote tatu akiwa amesimama, kisha akaketi. "Basi na yeye ana lake la kusema," alimwambia katibu. Wakaanza kukumbushana kikao kile cha Juni kilifanyika nyumbani kwa nani na nani hakuhudhuria. Hapo si kazi yangu tena.

Nimewakabidhi orodha iliyochapwa. Kila meseji ina namba, tarehe, imeingia au imetoka, na safu ya mwisho inasema imetoka wapi: faili lenyewe, journal, au kipande huru. Zilizokatika nimeziandika zilivyokatika, sikujaza neno. Katibu aliuliza kama zinaweza kurudishwa ndani ya tableti zionekane kama zamani. Zinaweza, ila tangu Android 4.4 ni app iliyowekwa kuwa ya msingi ya SMS pekee inayoruhusiwa kuandika kwenye hifadhidata hiyo, na zikirudishwa zitachanganyika na za kweli mpaka asijulikane aliyeandika nini. Nimekataa. Nimewaeleza pia kwamba karatasi hii inatosha kwa kikao cha chama. Jambo likifika mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kuhusu kifaa na jinsi rekodi ilivyotolewa, na hicho huandaliwa kwa utaratibu wake.

Katibu ana tableti yake, ya kisasa, akaniuliza kama nayo ningeiweza. Nilimjibu hapohapo kuwa siwezi. Tangu Android 7 faili la meseji limehamia kwenye /data/user_de, na vifaa vilivyotoka kiwandani na Android 10 vyote husimba mafaili, yaani huyafunga kwa msimbo wa siri. Ukiisoma chipu namna nilivyosoma hii, unapata takataka tupu. Huko tegemeo ni nakala ya Google iliyowashwa mapema, au kapu la taka la app ya meseji. La Samsung huzishika siku 30.

Yaliyobaki: laini ya chama imehamishiwa simu nyingine, kikomo cha 200 hakipo huko, nakala ya Google imewashwa mbele ya katibu. Tableti imerudi kwa mjukuu, bila laini. Taswira ya diski nimeifunga kwa nywila na itafutwa kikao chao kikishapita, kama tulivyoandikiana. Skripti nitaitenganisha iwe mbili, ya kurasa zilizonyooka na ya journal, kwa sababu sasa zinapigana kwenye mistari ileile na kijana hawezi kuisoma.